Jinsi ya Kuandika Kitabu cha Mbinu za Poka kwa Msomaji Unayemjua: Mwongozo Kamili

Kila baada ya muda naletewa mswada wa kitabu cha poka na mtu anayetaka maoni. Nafungua ukurasa wa kwanza, nakuta sentensi ileile: "Kitabu hiki kinawafaa wachezaji wote, wanaoanza na waliobobea." Hapo najua kitakachofuata. Sura ya kwanza itaeleza kwamba mfuatano (karata tano zinazofuatana) unashinda jozi mbili. Sura ya tatu itaingia kwenye uwiano wa mikwara (madau ya kuwatisha wengine watupe karata) katika karata ya mwisho. Anayeanza atazama, aliyebobea atakuwa ameshalala.

Wengi wa waandishi hawa wanacheza vizuri, baadhi yao kunizidi. Wanachokosa ni mtu wa kumwandikia. Na kwenye poka hilo si suala la mtindo tu, kwa sababu jibu sahihi lenyewe hubadilika kulingana na watu anaokaa nao msomaji mezani. Hatua ya 5 inaonyesha jambo hilo kwa hesabu.

Mfano nitakaoutumia ni wa kitabu cha Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau, kwa mtu anayecheza na marafiki mara moja kwa wiki. Katika mchezo huo kila mtu hupewa karata mbili zake, na tano za wote hufunuliwa mezani, tatu kwanza, kisha moja, kisha ya mwisho, huku madau yakiwekwa kabla ya kufunua na baada ya kila ufunuo. Kama msomaji wako ni mwingine, badilisha majibu. Hatua zinabaki zilezile.

## Andaa hivi kwanza

- Pakiti moja ya karata 52 na kete (vibao vinavyosimama badala ya pesa). Ni za kuhakikia mifano. Usianze bila hizi.
- Daftari la migao halisi (mgao ni mchezo mmoja mzima, tangu karata kugawiwa hadi pesa kuchukuliwa), isiyopungua 50, iliyoandikwa na watu wa aina ile unayoilenga.
- Programu ya kukokotoa uwezekano wa kushinda, kama Equilab. Programu nzito za kusaka mkakati kamili, kama PioSOLVER, si lazima kwa kitabu cha aina hii.
- Wasomaji watatu wa majaribio wasiokuogopa. Rafiki anayekusifia kila kitu muache ale chakula chake kwa amani.
- Karatasi moja ya istilahi. Utaijaza kwenye hatua ya 3.

## Hatua ya 1: Andika sentensi moja inayomtaja msomaji

Jaza nafasi hizi: *Msomaji wangu anacheza ___, na pesa zinamtoka hasa kwa sababu ___.*

Yangu inasomeka hivi: "Msomaji wangu anacheza Hold'em ya pesa taslimu na marafiki sita, kila mmoja akikaa na akiba ya madau makubwa ya lazima 100, na pesa zinamtoka hasa kwa sababu analipia kila dau linalomjia."

(Kila mgao huanza na wachezaji wawili kuweka madau ya lazima, dogo na kubwa, na akiba ya mtu hupimwa kwa hilo kubwa.) Kila neno hapo lina kazi. "Pesa taslimu" linafukuza mashindano, kwa sababu mchezo wa mashindano una hesabu yake. Mchezaji wa mashindano mara nyingi hujikuta amebakiwa na akiba ya madau makubwa ya lazima 10 au 12, na hapo uamuzi wake unakuwa karibu mmoja tu: kuweka zote au kutupa karata. Mwenye akiba ya 100 ana raundi nne za kufikiria. Ukiwachanganya hawa wawili kwenye sura moja, ushauri unaomwokoa mmoja utamfilisi mwenzake.

Tahadhari: "Wanaoanza" si msomaji. Mtu aliyejifunza kanuni jana na mtu aliyecheza miaka mitano bila kusonga mbele wote hujiita wanaoanza, na makosa yao hayafanani hata kidogo.

Utajua umefaulu ukiweza kutaja, bila kusita, mambo matatu ambayo kitabu chako hakitagusa.

## Hatua ya 2: Kusanya migao yao, si yako

Omba watu watano au sita wa aina ya msomaji wako wakuandikie migao iliyowauma. Waambie waandike karata zao, kiti walichokaa, nani aliweka dau la kiasi gani, na walichokuwa wanafikiria. Hilo la mwisho lina thamani kuliko yote. Mtu akiandika "nilimlipia kwa sababu nilikuwa nimeshaweka nyingi," umepata sura nzima bila kutoa jasho.

Usianze na kumbukumbu zako. Kumbukumbu ya mchezaji inapenda usiku wa ushindi. Mswada mmoja niliousoma ulikuwa na mifano 31, na katika yote mwandishi alishinda. Msomaji atajifunza nini hapo, zaidi ya kwamba mwandishi ana bahati?

Ukishapata migao 50, igawe mafungu kwa kosa lililofanywa. Kwenye meza za marafiki fungu kubwa mara nyingi ni la wanaolipia kupita kiasi. Fungu jingine lisilokosekana ni la wale wanaoingia na karata zozote mbili alimradi ni za jamii moja (kopa, uru, pau au shupaza). Huyo mpe namba: karata mbili za jamii moja hukamilisha karata tano za jamii hiyo kwenye tatu za kwanza za mezani chini ya mara moja katika kila mara 100. Ni karibu mara moja katika 119. Mtu akiisoma namba hiyo huku anakumbuka 8 na 3 za uru alizozilipia juzi, ananyamaza.

Utajua umefaulu ukiwa na mafungu matano hadi manane, na kila fungu lina migao mitatu au zaidi. Fungu lenye mgao mmoja ni kisa, si sura.

## Hatua ya 3: Funga istilahi kabla ya kuandika sura yoyote

Hapa miswada ya Kiswahili inavuja kuliko mahali pengine popote. Ukurasa wa 10 mwandishi anasema "chungu", wa 14 "kitita", wa 20 "pesa za katikati". Msomaji anadhani ni vitu vitatu.

Kwa karata zenyewe tuna maneno tayari: kopa, uru, pau na shupaza, ree, mfalme, malkia na ghulamu. Yatumie bila aibu. Kwa mchezo, chagua neno moja kwa jambo moja, ulifafanue mara ya kwanza, kisha usiliguse tena. Mimi naandika hivi:

- mkono: karata mbili ulizopewa
- mgao: mchezo mzima, tangu karata zinapogawiwa hadi kitita kinapochukuliwa
- kitita: kete zote zilizokwisha wekwa katikati
- kulipia: kuweka dau sawa na la mwenzako ili ubaki
- kupandisha: kuweka zaidi ya alichoweka
- kupita: kubaki bila kuweka dau, pale ambapo hakuna aliyeweka
- kupiga mkwara: kuweka dau ukiwa na mkono dhaifu ili wengine watupe

Tofauti ya mkono na mgao ilinigharimu wiki nzima ya masahihisho. Nilikuwa nimetumia "mkono" kwa yote mawili, na msomaji wa majaribio akaniuliza, "Unaposema nicheze mikono michache, una maana niondoke mapema?" Alikuwa na haki ya kuuliza.

Kama wasomaji wako mezani wanatumia maneno ya kigeni, usiwasahihishe. Weka neno lao kwenye orodha ya mwisho wa kitabu pamoja na lako, ili wajue mnazungumzia kitu kimoja.

Utajua umefaulu ukimpa mtu karatasi hiyo pamoja na ukurasa wowote wa mswada, naye asikuulize neno.

## Hatua ya 4: Panga sura kwa gharama ya kosa

Mpangilio wa mazoea huanza na kanuni, kisha ngazi za mikono (yaani karata tano zipi zinashinda zipi), kisha karata za kuanzia, kisha raundi moja baada ya nyingine. Unaonekana nadhifu na unamchosha msomaji kabla hajafika penye dawa.

Chukua mafungu yako ya hatua ya 2. Sura ya kwanza ni fungu linalokula pesa nyingi zaidi, hata kama kosa lenyewe hutokea mwishoni mwa mgao. Ngazi za mikono ziweke kwenye ukurasa mmoja wa nyuma, kwa anayehitaji kuchungulia.

Kwa msomaji wangu, sura ya kulipia ilitangulia na sura ya mkwara ikawa fupi kuliko zote. Nilishawishika kuirefusha, maana mkwara ndio unaosisimua kuandika. Lakini mkwara unahitaji mtu wa upande wa pili awe tayari kutupa, na marafiki zake hawatupi. Kurasa mbili zilitosha: moja ya kueleza kwa nini aache, nyingine ya hali chache ambapo unafaa.

## Hatua ya 5: Andika mgao wa mfano, polepole

Hiki ndicho kitovu cha kitabu, na hapa ndipo pa kutumia muda wako. Kila mgao wa mfano upitie vipande vitano: hali, swali, namba, watu, uamuzi. Nitaandika mmoja hapa uone.

Hali. Madau ya lazima ni kete 1 na 2. Watu saba mezani, na wewe ndiye mgawaji, kwa hiyo unaamua mwisho baada ya karata za mezani kufunuliwa. Watatu wanalipia 2. Una ree na 9 za kopa, nawe unalipia. Wa dau dogo anaongeza 1 kufikisha 2, wa dau kubwa anapita. Watu sita, kitita cha kete 12. Mezani zinafunuliwa mfalme wa kopa, 7 ya shupaza na 4 ya kopa. Wa dau dogo anaweka kete 8. Wengine wote wanatupa.

Swali. Zamu yako. Unafanya nini?

Hapo ukurasa uishe. Jibu liwe upande wa pili wa karatasi. Msomaji akiliona jibu kabla hajaamua, hajacheza, ametazama tu.

Namba. Kitita sasa kina kete 20, na kubaki kunakudai 8. Ukilipia, kitita kitakuwa 28, na 8 ni asilimia 28.6 ya hizo. Hicho ndicho kiwango unachohitaji ili usipate hasara, kama hakuna dau jingine litakalofuata. Kuna karata 47 usizoziona, na 9 kati yake ni kopa, ambazo yoyote ingekukamilishia kopa tano. Uwezekano wa kopa kutoka kwenye karata inayofuata ni asilimia 19. Ukihesabu karata zote mbili zilizobaki, ni asilimia 35.

Sasa angalia shimo ambalo karibu kila mswada unatumbukia. Mwandishi anaona 35 ni kubwa kuliko 28.6, anaandika "lipia", anahamia mgao mwingine. Lakini 35 ni haki yako pale tu utakapoziona karata zote mbili kwa bei hiyo ya kete 8. Jamaa aliyeweka 8 sasa atakuja na dau jingine baada ya karata ya nne, na utalipa tena. Kwa hiyo namba ya kuanzia ni 19, na 19 haitoshi.

Basi hesabu pengo. Uifanye hali hii mara 47. Mara 38 kopa haitoki, unatupa, unapoteza kete 8 kila mara: jumla 304. Mara 9 inatoka, unachukua zile 20: jumla 180. Umepungukiwa kete 124. Ukizigawa kwa zile mara 9, unahitaji kuvuna karibu kete 14 zaidi kila kopa inapotoka. (Ree tatu zilizobaki nimeziacha kando kwa makusudi. Zinasaidia wakati mwingine, lakini mfano mmoja ubebe somo moja.)

Watu. Je, jamaa huyu atatoa kete 14 zaidi akiona kopa ya tatu mezani? Hapa hesabu inanyamaza, na ujuzi wako wa msomaji unaanza kazi. Kwenye meza ya marafiki, mwenye mfalme hatupi. Ataweka 15 au 20 bila kuangalia jamii za karata za mezani. Kwenye meza ya wachezaji makini, kopa ya tatu inafunga mlango na huvuni kitu.

Uamuzi. Kwa msomaji wangu: lipia. Kwa anayekaa na watu makini: kulipia kunapoteza, achague kati ya kutupa na kupandisha, kwa sababu watu makini wanaweza kukimbia. Karata hizohizo na kitita kilekile, lakini ushauri ni tofauti. Mwandishi anayewaandikia "wachezaji wote" hawezi kuumaliza mgao huu kwa uaminifu.

Tahadhari: usiseme kama kopa ilitoka. Ukisema ilitoka, msomaji atakumbuka ushindi na kusahau hesabu. Ukisema haikutoka, atadhani ulikosea. Mgao wa mfano uishe kwenye uamuzi.

Utajua umefaulu pale msomaji atakapobishana nawe kuhusu watu ("kwetu jamaa huyu angetupa") badala ya kubishana kuhusu hesabu.

## Hatua ya 6: Chuja namba

Hold'em ina mikono 1,326 ya kuanzia, ambayo ukiipanga kwa aina unabaki na 169. Ni namba sahihi na msomaji wa meza ya marafiki hazihitaji popote. Namba inakaa kitabuni ikiwa tu inaweza kubebwa kichwani hadi mezani.

Zinazobebeka ni hizi:

- Zidisha karata zinazokukamilisha kwa 2 kwa kila karata inayosubiriwa, au kwa 4 kama utaona zote mbili bila kulipa tena. Kopa 9 hutoa 18 na 36. Hesabu kamili ni 19 na 35. Inatosha. Onya kwamba njia hii hupotoka namba zikiwa kubwa: karata 15 mara 4 ni 60, ilhali ukweli ni 54.
- Jozi mkononi hupata karata ya tatu ya aina ileile kwenye tatu za kwanza za mezani karibu mara moja katika 8.5.
- Mkwara wa nusu ya kitita unahitaji kufanikiwa mara moja katika tatu. Wa kitita kizima, mara moja katika mbili.

Kuhusu programu za kusaka mkakati: hutoa jibu kwa kudhani upande wa pili nao unacheza kwa ustadi uleule wa mashine. Marafiki wa msomaji wako hawachezi hivyo. Ukizitumia, zitumie kujikagua, usinakili majedwali yake na kuyaita sura.

## Hatua ya 7: Hakiki kwa karata mkononi

Kaa mezani na ile pakiti. Kwa kila mgao wa mfano, toa karata zinazotajwa na uzilaze mbele yako. Sogeza kete kama ilivyoandikwa.

Sababu ni moja: macho hayalioni kosa ambalo vidole vinaligusa. Nimewahi kupitisha mfano ambamo ghulamu wa pau alikuwa mkononi mwa mchezaji na palepale akalala mezani. Niliusoma mara sita. Wahariri wawili waliusoma. Aliyeligundua ni msomaji aliyeutandaza mgao juu ya meza ya chakula, na kuanzia siku hiyo hakuuamini ukurasa mwingine wowote.

Unapohakiki, tafuta haya:

1. Karata moja inayotokea mara mbili.
2. Kitita kisicholingana na jumla ya madau. Lile dau dogo la lazima husahaulika mno.
3. Mchezaji anayeamua nje ya zamu yake.
4. Mtu anayeweka kete nyingi kuliko alizonazo.

Kisha ingiza kila uwezekano kwenye programu. Usiandike kwa kukisia. Jozi ya ree dhidi ya jozi ya wafalme hushinda karibu asilimia 82, wala si "karibu kila mara". Ree na mfalme wa jamii tofauti dhidi ya jozi ya malkia ni karibu asilimia 43, ingawa wachezaji wengi hudhani wao ndio walio mbele.

Utajua umefaulu ukimaliza kitabu kizima bila karata kukosekana kwenye pakiti pale unapoihitaji.

## Hatua ya 8: Jaribu kabla ya kuchapisha

Chagua migao 10 kutoka kwenye daftari ambayo hukuitumia kitabuni. Wape wasomaji wako watatu waamue kabla ya kusoma mswada, na tena wiki mbili baada ya kuusoma. Usiwaulize kama kitabu kizuri. Watasema kizuri.

Tazama maamuzi. Kama migao ya kulipia kupita kiasi wanaikosea vilevile, sura hiyo haikufanya kazi, hata kama ndiyo wanayoisifu. Iandike upya kwa mgao mwingine wa mfano, usiirefushe.

Jambo jingine la kuchungulia: baadhi ya wasomaji watageuka waoga na kutupa kila kitu. Ni dalili kwamba umekemea makosa bila kuonyesha pa kusonga mbele. Ongeza migao miwili ambamo jibu ni kuweka dau kubwa, kwa mkono mzuri.

## Hatua ya 9: Jina, ahadi na ukurasa wa tahadhari

Jina la kitabu limtaje msomaji. Epuka "mbinu isiyoshindwa". Mchezo wa Hold'em uliowahi kutatuliwa kwa kompyuta kwa vitendo ni ule wa watu wawili wenye kikomo cha dau, kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta iliyochapishwa mwaka 2015. Meza ya watu saba isiyo na kikomo bado, na wewe na mimi hatutaitatua kwa kurasa 150.

Kanuni za mchezo na hesabu zake hazina mwenyewe. Maneno, michoro na majedwali ya mwandishi mwingine yana mwenyewe, kwa hiyo tengeneza yako.

Weka ukurasa mmoja, mbele kabisa na si nyuma kwa herufi ndogo, unaosema mambo matatu. Sheria za kamari na umri hutofautiana, msomaji aangalie za kwake. Mchezaji mzuri naye hupoteza kwa wiki na miezi, kwa hiyo acheze na pesa asizozihitaji. Na akijikuta anacheza ili kurudisha zilizopotea, afunge kitabu na atafute msaada.

Kitabu kikishatoka, fungua daftari jipya la makosa yatakayoripotiwa, ukiandika ukurasa, mgao na tarehe. La kwanza litakufikia mapema kuliko unavyodhani, na huenda likawa lile dau dogo la lazima.